Komeo la Shirika katika Kiini cha Kompyuta: Mipaka Yake na Tatizo la Kulitaja

Makala haya yanakusudia kueleza chombo kimoja kilichomo ndani ya karibu kila kompyuta na kila simu ya kisasa, na kuonyesha kwa nini chombo hicho, ambacho kwa mtazamo wa kwanza ni cha busara kabisa, kina mipaka ambayo haijaondolewa kwa zaidi ya miaka hamsini. Kwa Kiingereza chombo chenyewe kimepewa jina lililoundwa kwa maneno matatu: msomaji, mwandishi na kufuli. Mwalimu anayefundisha taaluma hii kwa Kiswahili, akiwa na haraka ya kipindi, atayafasiri maneno hayo moja moja na kupata "kufuli la wasomaji na mwandishi". Istilahi hiyo inasomeka vizuri. Ubaya wake ni kwamba maneno mawili kati ya hayo matatu humpotosha mwanafunzi, na moja humfichia lile jambo hasa ambalo ndilo chanzo cha mipaka yenyewe.

Ikumbukwe kwamba kazi kubwa ya kuunda istilahi za kompyuta kwa Kiswahili imefanywa juu ya yale yanayoonekana kwenye kioo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulika na maneno ambayo mtumiaji huyaona na kuyabofya. Istilahi za kiini hazina mtumiaji wa namna hiyo. Zikikosewa, hakuna anayelalamika; mwanafunzi hukosa kuelewa tu, naye hudhani kwamba mwenye upungufu ni yeye.

1. Jambo lenyewe

Kiini cha mfumo wa uendeshaji ni ile programu inayokaa kati ya mashine na programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu, diski, saa na zamu za kufanya kazi. Kompyuta za leo huwa na prosesa kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja; simu nyingi zina nane, na mashine kubwa huweza kuwa na zaidi ya mia. Prosesa zote hizo hutumia kiini kimoja, na kiini hicho kina kumbukumbu zake za kuendeshea kazi: orodha ya kazi zilizo hai, orodha ya faili zilizofunguliwa, ramani ya kumbukumbu ya kila programu. Prosesa mbili zikibadilisha orodha moja kwa pamoja, orodha huharibika. Moja ikisoma wakati nyingine inabadilisha, ile inayosoma huweza kupata nusu ya habari za zamani na nusu ya habari mpya, yaani habari ambazo hazikuwa kweli wakati wowote.

Tatizo hili lilitafutiwa dawa na Mholanzi Edsger Dijkstra katika miaka ya 1960. Chombo alichokibuni alikipa jina la mkono wa ishara wa reli, ule unaopanda na kushuka kuruhusu au kuzuia treni. Vitendo vyake viwili akavipa herufi V na P. Herufi V inatokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya kuongeza. Herufi P inatokana na neno prolaag, ambalo Dijkstra alilibuni mwenyewe kwa kubana pamoja maneno yenye maana ya kujaribu kupunguza. Wale wanaosita kubuni istilahi kwa Kiswahili, kwa hofu kwamba neno jipya litachekwa, wangefaa kukumbuka kwamba moja ya nguzo za taaluma hii imesimama juu ya neno ambalo Waholanzi wenyewe hawakuwa nalo.

Dawa ya Dijkstra, katika umbo lake lililo sahili, huruhusu mmoja tu kuingia. Lakini wawili wanaotazama tu hawadhuriani. Kwa nini basi mmoja amngoje mwenzake? Mwaka 1971 P. J. Courtois, F. Heymans na D. L. Parnas walichapisha makala mafupi sana, ya kurasa mbili, ambamo walilifafanua jambo hili kwa majina ambayo yamebaki hadi leo. Wanaosoma, walisema, waruhusiwe kuwa ndani pamoja, wawe wangapi. Anayeandika awe ndani peke yake.

2. Mfano wa Kariobangi

Ili jambo hili lionekane, na uchukuliwe mfano kutoka Kariobangi, mashariki mwa jiji la Nairobi. Mtaa huu, wenye Kaskazini yake na Kusini yake, una asili katika mradi wa viwanja ulioanzishwa na Baraza la Jiji katika miaka ya 1960, na eneo lake la viwanda vidogo linajulikana kwa uchomeleaji, vipuri vya magari na biashara ya vyuma chakavu. Na ifikiriwe yadi moja ya vyuma chakavu katika eneo hilo. Ndani ya yadi mna chumba kidogo kisicho na dirisha, na katika ukuta wa chumba hicho pana ubao ulioandikwa kwa chaki bei za kila kilo: chuma, shaba, alumini, betri za magari. Wakusanyaji huegesha mikokoteni yao nje, wakaingia kuutazama ubao, kisha wakatoka kwenda kwenye mizani. Watu ishirini huweza kuutazama ubao mmoja bila kusumbuana.

Bei hubadilika, na mwenye yadi huingia kufuta na kuandika upya. Hapo ndipo penye hatari. Aliyeingia akiwa amekwisha kuandika bei mpya ya shaba lakini bado hajafuta bei ya zamani ya alumini, atatoka na bei mbili ambazo hazikupata kuwako pamoja siku yoyote, na ugomvi wake utakuwa kwenye mizani. Kwa hiyo kanuni ni hii: madamu kuna mtu ndani anayetazama, mwenye yadi asifute, na madamu mwenye yadi yumo ndani anafuta, mtu yeyote asiingie.

Lakini mwenye yadi atajuaje kwamba chumba kimebaki kitupu, hali dirisha hakuna? Njia aliyonayo ni kutundika kibao kidogo mlangoni pamoja na kipande cha chaki. Kila anayeingia ataongeza mstari mmoja. Kila anayetoka atafuta mmoja. Kibao kikiwa safi, mwenye yadi ataingia na kuukomea mlango kwa ndani. Hicho ndicho chombo kizima. Programu zinazokitumia zina mistari michache tu kuliko maelezo haya.

3. Kufuli au komeo?

Katika mfano huu neno "kukomea" limejileta lenyewe, na hilo si jambo la kupuuzwa. Kufuli, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni chombo cha mtu anayeondoka: hufunga kwa nje, akatia ufunguo mfukoni na kwenda zake. Komeo ni la mtu aliyemo ndani. Sasa katika kiini cha kompyuta hakuna halali ya kufunga na kwenda zako. Anayeshika yumo ndani anafanya kazi, wenzake wamesimama nje, naye akitoka hufungua. Mkondo wa kazi uliofunga kisha ukaondoka bila kufungua ni kosa kubwa, nalo huisimamisha mashine. Kwa maneno mengine, taswira ya kufuli inaeleza kosa, taswira ya komeo inaeleza kanuni.

Isitoshe, komeo lina vitenzi vyake viwili vilivyo tayari, komea na komoa, kwa mnyambuliko ule ule wa kutendua tunaouona katika funika na funua, choma na chomoa. Mwalimu anapata jozi ya maneno mafupi bila kuazima chochote. Kuna tatizo dogo, kwamba "kukomoa" siku hizi kunajulikana zaidi kwa maana ya kumtia mtu adabu au kumfanyia inda, na wanafunzi wa Nairobi watacheka siku ya kwanza. Watacheka, na hawatasahau.

Neno la pili lenye shida ni "msomaji". Kiambishi -ji kwa kawaida humtaja mtu kwa mazoea yake au kazi yake: mchezaji, mwimbaji, mfanyabiashara aliye mnunuzi na muuzaji kwa shughuli zake za kila siku. Mkondo wa kazi ndani ya kiini hauna mazoea hayo. Ni ule ule unaosoma sasa na utakaoandika punde. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kitenzi "kusoma" kina ahadi ndani yake. Aliyesoma kitabu amekiacha kama alivyokikuta. Aliyesoma tangazo ukutani hakuligusa. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mkondo fulani ni "msomaji", ataamini kwamba mkondo huo hauachi alama popote. Na hebu kitazamwe tena kibao cha mlangoni. Kitendo cha kwanza cha yule anayeingia kusoma ni kuandika.

4. Kibao cha mlangoni

Jambo hili limo katika suluhisho la mwaka 1971 lenyewe, tena mwanzoni kabisa: hatua ya kwanza ya anayesoma ni kuongeza moja katika hesabu ya waliomo ndani, na hatua yake ya mwisho ni kupunguza moja. Wakati ule halikuwa na uzito. Mashine zilikuwa na prosesa moja au chache mno, na kuongeza moja katika hesabu hakukuchukua muda wa kutajika ukilinganisha na kazi iliyofuata.

Mashine za leo zimejengwa vingine. Kila prosesa ina akiba yake ya karibu, ambamo huweka nakala za zile sehemu za kumbukumbu inazozitumia sasa hivi, kwa sababu kumbukumbu kuu iko mbali na ni nzito. Nakala hizo husafiri kwa vifurushi vya ukubwa maalumu. Katika prosesa nyingi zitumikazo leo kifurushi kimoja ni baiti 64. Kanuni ya vifurushi ni kama ifuatavyo. Kwa kusoma, kifurushi kimoja huweza kuwa katika akiba za prosesa zote kwa pamoja, na hakuna anayemwudhi mwenziwe. Kwa kuandika, prosesa lazima ikimiliki kifurushi peke yake, na nakala zote zilizo kwa wengine hubatilishwa papo hapo.

Kwa hiyo mfano wa yadi unahitaji kusahihishwa. Kibao hakikutundikwa mlangoni. Kila mkusanyaji ana karakana yake mahali pengine mtaani, na kila anapotaka kuingia chumbani ni lazima kwanza akifuate kibao kule kilikoachwa na mtu wa mwisho, akichukue hadi karakana yake mwenyewe, akichore mstari wake huko, ndipo aende kuutazama ubao. Anayemfuata itambidi afanye vivyo hivyo. Na kila anayetoka chumbani ni lazima akitafute tena ili afute mstari wake.

Katika mashine, kusoma kitu kilichokwisha kuwa katika akiba ya karibu huchukua takriban nanosekunde moja au chache. Kukifuata kifurushi kwenye akiba ya prosesa nyingine huchukua makumi ya nanosekunde, na katika mashine zenye vipande kadhaa vya prosesa huweza kupita mia. Ikiwa mtu ana kazi ndefu ndani ya chumba, gharama hii ya mlangoni haionekani. Lakini kazi nyingi za kusoma ndani ya kiini ni fupi mno: kutazama kama kitu kimo katika orodha, kisha kutoka. Hapo muda wote unaliwa na kibao. Watu ishirini walioruhusiwa kuutazama ubao kwa pamoja wamepanga foleni, na foleni yenyewe si ya ubao, ni ya chaki. Prosesa zikiongezwa, foleni hurefuka.

Huu ndio mpaka wa kwanza, na kwa kweli ndio mkubwa. Hautokani na uzembe wa mtunga programu fulani. Unatokana na umbo la chombo chenyewe: ili mwandishi ajue kama kuna wasomaji, wasomaji ni lazima wamwambie, na kumwambia mtu jambo katika mashine ni kuandika mahali.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Maelezo rasmi yaliyomo ndani ya kiini cha Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, yanawaonya watunga programu kwamba komeo la namna hii, lile ambalo anayengoja huzunguka mahali pamoja bila kulala, linahitaji vitendo visivyogawanyika vingi zaidi kuliko komeo sahili la mtu mmoja mmoja. Kama kazi ya kusoma si ndefu, maelezo hayo yanashauri, afadhali litumike komeo sahili. Tena yanasema kwamba juhudi zinafanywa kuyaondoa makomeo hayo pengi iwezekanavyo, na kwamba mtu asiongeze jipya bila kupata kwanza makubaliano. Chombo kilichobuniwa ili watu wasingojeane kimeshindwa, katika hali nyingi, na chombo kinachowalazimisha wangojeane.

Yamekuwako majaribio ya kukipasua kibao. Linux ina aina moja ambayo kila prosesa ina kibao chake, kwa hiyo wanaosoma hawakutani kabisa. Mwaka 2019 Dave Dice na Alex Kogan walieleza mbinu waliyoiita BRAVO, ambayo alama za wasomaji hutawanywa katika jedwali moja kubwa, badala ya kurundikwa katika hesabu moja. Katika njia zote mbili mwenye yadi ndiye anayelipa. Itambidi avipitie vibao vyote, au alikague jedwali zima, na ahakikishe kwamba nyuma yake hakuna anayechora mstari mpya. Ni biashara nzuri ikiwa bei hubadilika mara moja kwa mwezi. Ikibadilika kila saa, mwenye yadi atashinda njiani.

5. Nani atangulie?

Mpaka wa pili ni wa haki, na Courtois na wenzake waliutambua tangu mwanzo, ndiyo maana walitoa masuluhisho mawili na si moja. Katika la kwanza, anayesoma hangojeshwi isipokuwa mwandishi amekwisha kuingia. Ubaya wake ni dhahiri. Asubuhi ya shughuli nyingi, mmoja anatoka wawili wanaingia, kibao hakiwi safi hata mara moja, na mwenye yadi anasimama nje hadi jioni na bei zake mpya mkononi. Katika la pili, mwandishi akishafika, hakuna msomaji mpya anayeingia mpaka yeye amalize. Hapa waandishi wakifuatana, wasomaji ndio watakaokaa na njaa. Suluhisho moja linalojaribu kutomwonea mtu ni foleni: kila mmoja kwa zamu yake aliyofikia.

Foleni inaonekana kuwa jibu la haki, na mwaka 2014 Linux ilipokea komeo la shirika lililojengwa juu ya foleni, kazi ya Waiman Long. Lakini ndani ya kiini kuna viumbe ambao hawawezi kupanga foleni. Prosesa ikiwa katikati ya kazi, kifaa fulani huweza kuikatiza, kama vile mgeni agongaye mlango, na prosesa huacha kazi yake ikamhudumia mgeni kwanza. Tuseme kazi iliyokatizwa ilikuwa ndani ya chumba, inasoma. Mwandishi naye amekwisha kufika, anangoja nje kwenye foleni. Huyu mgeni aliyekatiza akitaka kusoma ubao ule ule, kwa haki ya foleni itampasa asimame nyuma ya mwandishi. Mwandishi anamngoja msomaji wa kwanza atoke. Msomaji wa kwanza hawezi kutoka mpaka mgeni amalize. Mgeni anamngoja mwandishi. Mashine imekufa. Kwa sababu hiyo komeo la 2014 lilibidi liwe na upendeleo: anayesoma akiwa katika katizo huruhusiwa kuiruka foleni. Haki kamili ingeleta mkwamo, na upendeleo kidogo ndio unaoiwezesha mashine kuishi.

Mipaka mingine inaweza kutajwa kwa ufupi. Anayesoma hawezi kugeuzwa kuwa mwandishi akiwa ndani, kwa maana wawili wakitaka kugeuka kwa wakati mmoja, kila mmoja atamngoja mwenzake atoke. Kinyume chake, mwandishi kushuka kuwa msomaji, hakina taabu. Aidha, katika mifumo ambayo kazi ya dharura ni lazima ikamilike kwa wakati, desturi ni kumkopesha aliyeshika komeo cheo cha yule anayengoja, ili amalize haraka. Kwa komeo la shirika mkopo huo ni mgumu. Kibao kinasema wamo saba; hakisemi ni akina nani.

6. Kuingia bila kibao

Kwa kuwa ugonjwa uko kwenye kibao, dawa za kweli ni zile zinazokiondoa. Ya kwanza ni ya namba. Katika pembe ya ubao mwenye yadi huandika namba; akianza kufuta huiongeza moja, akimaliza huiongeza moja tena, hivi kwamba namba witiri maana yake ni kuwa ubao uko katikati ya mabadiliko. Anayesoma huitazama namba, husoma bei, huitazama namba mara ya pili. Kama haikubadilika na si witiri, bei ni sahihi; kama imebadilika, husoma upya. Hakuandika chochote. Linux husoma saa kwa njia hii. Inafaa pale tu ambapo kusoma bei zisizopatana hakumdhuru mtu kabla hajagundua, na pale ambapo mabadiliko si ya mfululizo, ama sivyo msomaji atarudia mpaka achoke.

Ya pili ni yenye kina zaidi, nayo hujulikana kwa herufi RCU, yaani soma, nakili, badilisha. Iliingizwa katika Linux mwaka 2002, na jina linalohusishwa nayo zaidi ni la Paul McKenney. Hapa mwenye yadi hafuti ubao kamwe watu wakiwamo. Huandika bei mpya kwenye ubao wa pili kando, na ukiwa tayari huugeuza mshale wa mlangoni kwa tendo moja: tangu sasa, tazameni huu. Waliokwisha kuwa mbele ya ubao wa zamani huachwa wamalize. Mwenye yadi hungoja mpaka kila aliyekuwamo wakati mshale ulipogeuzwa awe ametoka, ndipo aufute ule wa zamani. Na atajuaje, bila kibao? Kwa kutazama dalili ambayo ingetokea hata hivyo: kila karakana ikionekana kuwa imekwisha kubadilisha kazi angalau mara moja, basi mtu wake hawezi kuwa bado amesimama mbele ya ubao wa zamani.

Muda huo wa kungoja unahitaji jina kwa Kiswahili, na lugha ina mawili yanayostahili kufikiriwa. La kwanza ni "eda". Kwa maana yake ni neno linalofaa ajabu: muda uliowekwa baada ya uhusiano kwisha, ili ihakikishwe kwamba hakuna kilichobaki cha ule wa zamani kabla ya mpya kuanza. Lakini eda ni neno la sheria ya Kiislamu, lenye watu na heshima zake, na kulihamishia kwenye kufuta vipande vya kumbukumbu kunaweza kuwaudhi wengi bila sababu. La pili ni "muhula". Wengi leo hulijua kwa muhula wa masomo, lakini maana yake ya zamani, iliyo karibu na asili yake ya Kiarabu, ni nafasi anayopewa mtu, kama vile mdaiwa, kabla hajatakiwa kutimiza. Ndiyo hasa anayopewa msomaji wa ubao wa zamani. Muhula, basi, unatosha.

RCU nayo ina bei yake. Kwa kitambo kifupi kuna watu wawili wanaotoka katika chumba kimoja na bei mbili tofauti, zote zikiwa kamili, moja ikiwa imepitwa na wakati. Kwenye orodha nyingi za kiini hilo halidhuru. Kwenye mizani ya Kariobangi lingedhuru, na mwenye yadi mwenye busara angebaki na komeo lake.

Kuhusu komeo lenyewe, jina linalopendekezwa hapa ni "komeo la shirika", na njia zake mbili ziitwe kuingia kwa shirika na kuingia kwa upekee. Kushirikiana hakuahidi kwamba hakuna alama itakayoachwa. Watu wanaokula shirika hujuana idadi. Wala pendekezo hili si la Kiswahili peke yake: katika kiini cha FreeBSD kuna jamii ya makomeo iliyopewa jina kwa maneno yenye maana ya shirika na upekee, bila kumtaja msomaji wala mwandishi.

7. Ramani ya kumbukumbu katika simu

Inafaa kumaliza na mahali ambapo chombo hiki kinamgusa mkazi wa kawaida wa Kariobangi, awe anafahamu au hafahamu, nako ni ndani ya simu yake. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Kila programu katika simu hiyo ina ramani ya kumbukumbu yake, iliyogawanywa katika maeneo, na kwa miaka mingi ramani nzima ililindwa na komeo moja la shirika. Programu inapogusa kwa mara ya kwanza ukurasa wa kumbukumbu ambao bado haujaletwa, kiini huingia kwa shirika kutazama ramani. Programu inapoomba eneo jipya, kiini huingia kwa upekee. Wakati wa kufungua programu mambo hayo mawili hutokea kwa wingi na kwa pamoja: mikondo mingi inazaliwa, kila mmoja unataka eneo lake, na kurasa zinaguswa kila upande. Kila anayeingia kwa upekee huwasimamisha wengine wote, hata wale ambao eneo lao haliguswi na mabadiliko hayo. Mtu anabofya picha ya programu na kungoja.

Mwaka 2020 komeo hilo lilibadilishwa jina ndani ya Linux, na kazi ya kulipita ikaendelea kwa miaka. Katika toleo la 6.4, lililotoka Juni 2023, ilipokewa kazi iliyoongozwa na Suren Baghdasaryan wa Google, ambayo kila eneo la ramani lilipewa komeo lake dogo. Anayegusa ukurasa hulitafuta eneo lake kwa njia ya RCU, bila kibao, kisha hulikomea eneo hilo moja tu. Akishindwa, hurudi kwenye komeo kubwa la zamani, ambalo halikuondolewa.

Yale makomeo madogo nayo yalikuwa ya shirika. Hapo kwanza yaliwekwa ndani ya maelezo ya kila eneo, pamoja na habari ambazo prosesa nyingine zilikuwa zikizisoma. Kasi ilipungua badala ya kuongezeka, kwa sababu kila aliyeingia kwa shirika aliandika katika hesabu, na kuandika huko kulibatilisha kifurushi kizima kwa wote waliokuwa wakisoma jirani yake. Ilibidi kila komeo litengwe na maelezo hayo, likae mahali pake peke yake katika kumbukumbu.